Somo: Seva ya Unix na majina ya wenzake

Seva yetu moja hapa Kampala iligoma kuiona hifadhidata iliyo chumba kilekile. Ukiijaribu kwa amri ya ping kwa IP (anwani yake ya namba) inajibu, kwa jina haijui. Nslookup (amri ya kuuliza DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) nayo ikatoa jibu safi! Mchana wangu wote ukaishia hapo.

Ingia kama root (msimamizi mkuu), nakili kando mafaili matatu utakayoyagusa.

1. /etc/hosts: anwani, jina kamili, jina la mkato.
192.168.10.5 data.ofisi.internal data
Mstari wa localhost (seva yenyewe) usiuguse.

2. /etc/resolv.conf: seva za DNS.
search ofisi.internal
nameserver 192.168.10.1
nameserver 192.168.10.2
Zikizidi 3, za ziada hazisomwi. Ya kwanza ikizimika (umeme wetu mnaujua), kila ulizo husubiri sekunde 5 ndipo lihamie ya pili. Hapo hata kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa ssh, ni kama kungoja taksi ijae pale kituo cha Old Park. Ongeza options timeout:2.

3. /etc/nsswitch.conf: ndipo nilipokwama.
hosts: files dns
Yaani soma /etc/hosts kwanza, ukikosa uliza DNS. Kwetu iliandikwa files peke yake, basi DNS haikuulizwa kamwe. Wenye Solaris 10 (aina ya Unix), nakilini tu /etc/nsswitch.dns juu ya /etc/nsswitch.conf.

4. Jaribu kwa getent, amri inayotafuta jina kwa kufuata nsswitch: getent hosts data
Nslookup usiiamini kwa hili. Yenyewe huuliza DNS moja kwa moja bila kupitia nsswitch.

MASWALI

Ssebo (bwana), nikiwasha seva upya resolv.conf inarudi ya zamani. Niko Mbarara, Ubuntu.
– Andika ls -l /etc/resolv.conf. Ukikuta ni kiungo cha kwenda /run/systemd/resolve, mwenye faili ni systemd-resolved (huduma ya mfumo ya kutafuta majina). Weka DNS= na Domains= kwenye /etc/systemd/resolved.conf, kisha systemctl restart systemd-resolved.

Mimi nimeweka 8.8.8.8 juu, seva ya ofisi chini yake. Majina ya ofisi hayapatikani.
– Ya pili huulizwa ya kwanza ikinyamaza tu. 8.8.8.8 hainyamazi, inajibu "hakuna jina hilo", na hilo ni jibu tosha. Iondoe, seva ya ofisi ndiyo iulize nje kwa niaba yenu.

Getent inajibu vizuri, ila programu ya mauzo bado inalalamika.
– Izime uiwashe, ssebo. Glibc (maktaba ya mfumo ambayo programu hutumia kutafuta majina) za zamani husoma nsswitch.conf mara moja tu, programu inapoanza.