Kipwa (wakati yenye haina mvua) imefika: namna ya kwenda ku nganda ya pembeni ya mto, Lubumbashi

Mvua ikishakatika mwezi ya ine, mito ya huku kwetu inaanza kupunguka polepole, na kufika mwezi ya sita, pembeni ya Kafubu na tumito twenye tunaingiamo, utakuta bantu bameshasimamisha miti ine, bametupa nyasi juu, bameleta makasha ya Simba (bière, pombe ya chupa) na gunia ya makala, basi njo nganda hiyo, nafasi ya kunywa na kula nyama ya kuchoma. Haina ukuta, haina mlango, mara ingine hata jina haina, banaiitaka tu na jina ya mama mwenye kuuzisha. Biti ni makasha ya bière yenye banapindula, meza ni pipa ya mafuta ao tairi ya kamyo na ubao juu. Mvua ya kwanza ya mwezi ya kumi ao kumi na moja ikinyesha, mto inapanda na yote inaondoka.

Mi ninazipenda kupita terasi zote za mu ville, na inaniuma kuona vile bantu mingi banaziendea: banafika giza imeshaingia, banakunywa, banarudia, mto hata habakuiona. Uende mchana. Saa tisa ukuwe umeshaikala, juu huku karibu saa kumi na mbili jua inazama, na ile saa mbili-tatu za mbele njo zenye watoto banapita na maji, mama za bustani banamwangilia mboga ngambo ingine, unaona kila kintu. Nyama pia inakuwa ya kwanza-kwanza, haijarudishwa ku moto mara tatu.

Mwezi gani? Mwezi ya sita na ya saba ni ya baridi, usiidharau, Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu na usiku inaweza kushuka chini ya digri 10, tena pa maji baridi inazidi, kwa hiyo beba koti hata kama mchana ulitoka na shati. Mwezi ya nane na ya tisa njo inafaa kabisa. Ya kumi ni joto na vumbi, na mbu banazidi.

Kufika: hizi nafasi haziko ku barabara kubwa, moto (pikipiki) njo inafaa. Sikilizana bei mbele ya kupanda, kwenda na kurudi, na umuulize papa wa moto kama atakuya kukuchukua ao utatafuta mwingine, juu usiku pale hakuna moto zenye zinangojea. Ukipotea usiulize "nganda iko wapi", nganda ziko mingi, uliza jina ya mama.

Feza: beba franka, tena noti ndogo-ndogo. Dola yenye imepasuka hata kidogo pa kona habatakamata, usijaribu hata kubembeleza. Chupa ya bière, Simba ao Tembo, bakufungulie mbele ya macho yako, hiyo ni kanuni ya nganda zote, na chupa yenye imeisha usiache bayitoshe pa meza: zibaki chini ya kiti yako mpaka mwisho, njo zenye bataesabu, na hivi hakuna mtu wa kugombana naye.

Sasa michopo, njo nyama ya mbuzi ya kuchoma. Usiagize ukiwa umeikala, simama, enda pa moto, umusalimie mwenye kuchoma (yaya, mambo?), uangalie mbuzi yenyewe. Nyama muzuri unaiona pa mafuta: inatiririka juu ya makala, moshi inapanda nyeupe, na mbavu zinaanza kujitenga na mfupa. Onyesha na kidole kipande yenye unataka, sema kilo ngapi, bapime mbele ya kuchoma. Ikiiva anaikatakata na panga juu ya kigogo, kha-kha-kha, anaitupia chumvi, kitunguu kibichi na pilipili, na inakuya ndani ya karatasi. Kula na mkono ingali moto. Bukari (ugali) unaweza kuomba lakini inakawia, mimi ninabebaka mkate.

Kwa wenye habakunywe bière: uliza kama kuna munkoyo. Banapika uji ya unga wa mahindi, banaacha ipoe mpaka ikuwe vuguvugu, kiisha banaingizamo mizizi ya munkoyo yenye imepondwa, na hapo utaona kintu ya ajabu, uji yenye ilikuwa nzito inageuka maji-maji mbele yako, juu ile mizizi inakata unga na kuigeuza sukari. Ya siku hiyo ni tamu na watoto banakunywa, ya kesho yake inakuwa kali na inaanza kulewesha kidogo. Uliza mama ni ya lini. Lutuku (pombe kali ya kienyeji) mu chupa yenye haina etiketi, mi ninakuambia wazi, kataa, hata kama ni rafiki mwenye anakupa, hakuna mwenye anajua nini iko ndani.

Na maji ya mto usiingie kuoga. Kichocho iko mu maji yenye hayatembee sana, na Kafubu na mto Lubumbashi zimekamata maji machafu ya biwanda ya shaba na kobalti miaka mingi. Samaki bakikuletea, uliza inatoka wapi. Kama ni ya pale-pale, bora mbuzi. Pembeni ya maji jioni mbu hawakose hata mu baridi, vaa suruali ndefu.

Siku ya yenga unaweza kubahatisha muziki ya karindula. Kama haujaiona karibu, sogea: ni banjo kubwa, mwili wake pipa, juu bamevalisha ngozi ya mbuzi, nyuzi ine, na mwenye kupiga anaweza hata kuikala juu yake. Bakiimba jina yako, toa matabishi (feza kidogo ya zawadi), unapeleka wewe mwenyewe mu mkono ya mwimbaji, usitupe pa chini. Na usiombe bazime juu ya kuweka muziki ya telefone, tafazali, hiyo ni kuvunjia wazee heshima.

Mbele ya kutoka omba namba ya mama mwenye nganda, juu mwaka kesho maji itakuwa imehamisha mchanga na yeye atasimamisha miti yake nafasi ingine, pengine ngambo kabisa.