Bekapu ya klaudi ambayo hata bosi hawezi kuifuta

Ofisi nyingi za kliaringi hapa Mombasa, bekapu yao (nakala ya akiba ya mafaili) ni diski ya nje imechomekwa kwa kompyuta ya mhasibu usiku na mchana, sasa virusi vya kufunga mafaili vikiingia vyala kompyuta na diski pamoja. Wengine wako klaudi lakini pasiwadi imeseviwa kwa brauza, kwa hiyo aliyeingia kwa kompyuta ashaingia mpaka huko.

Unachotaka kinaitwa Object Lock. Amazon S3, hifadhi ya klaudi ya Amazon, wanayo tangu 2018, na hifadhi nyingine kama Backblaze B2 na Wasabi pia wanayo. Faili likishafungwa halifutiki wala halibadiliki mpaka muda wake uishe.

Kwa S3, fungua baketi mpya (ndio kama folda kuu ya kuwekea mafaili) na uwashe Object Lock hapo hapo. Ukitaka data ikae Cape Town, hiyo rijoni (eneo la seva zao) huja imezimwa, iwashe kwanza kwa akaunti.

Sasa hapa ndio pa kutulia. Kuna modi mbili. "Governance", mtu mwenye ruhusa maalum anaweza kuiruka, na mwizi akipata akaunti ya admini atairuka vilevile. "Compliance" hairukwi na yeyote, hata mwenye akaunti, na muda waweza kuuongeza tu, kupunguza hakuna. Mimi naona Compliance ndio yenyewe, lakini anza na siku 1, ujaribu, halafu weka 30, manake ukikosea ukaandika miaka 10 utalipia kila mwezi na hakuna wa kumlilia. Piga hesabu pia: bekapu ya GB 2 kila siku kwa siku 30 ni GB 60 zimekaa pale.

Kompyuta inayopandisha bekapu klaudi ipe ufunguo wake wa kuandika tu, wa kufuta usiupe. Akaunti kuu weka uthibitisho wa hatua mbili na hakikisha kadi ya malipo haijaisha muda, kwa sababu akaunti ikifungwa kabisa hata Compliance haitakuokoa.

Kabla ya kupandisha, funga faili kwa pasiwadi na programu ya 7-Zip, jina liwe na tarehe, kisha andika kwa Command Prompt ya Windows (pa bekapu.7z weka jina la faili lako):

certutil -hashfile bekapu.7z SHA256

Itakutolea namba ndefu, ndio alama ya kidole ya faili; itume kwa WhatsApp ya bosi, isikae kompyuta moja na bekapu. Siku ukishusha faili, namba ikitoka tofauti hata herufi moja, jua limeguswa au limeharibika njiani.

Kopi za vitambulisho vya wateja usizifunge miaka, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mteja haki ya kuomba zifutwe na wewe utakuwa huwezi. Vitabu vya kodi ndio vya kukaa miaka 5.

Ukimaliza jaribu kufuta. Usishtuke faili likitoweka kwa listi, hapo S3 imeweka alama tu, bonyeza kitufe cha kuonyesha vesheni (nakala za faili zilizohifadhiwa) utaliona lipo, na ukijaribu kufuta hiyo vesheni yenyewe ndio utakataliwa. Halafu shusha moja, ulifungue kwa kompyuta nyingine kabisa.