Jinsi ya Kuomba Upimaji wa Masalia ya Viuatilifu kwenye Udongo, Dar es Salaam

Mkulima wa mchicha katika bonde la Msimbazi, au mtu aliyenunua kiwanja palipokuwa na ghala la dawa za mimea, anaweza kupeleka maombi yake Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Barabara ya Barack Obama. Kabla ya kushika jembe, andika barua. Eleza eneo lilipo na ukubwa wake, mazao yaliyolimwa, sababu ya kutaka vipimo na, zaidi ya yote, dawa zilizowahi kupuliziwa hapo, kwa sababu maabara haitafuti "sumu" kwa ujumla bali hutafuta kemikali zinazojulikana kwa majina. DDT na endosulfani, dawa za kuua wadudu, huweza kusomwa pamoja kwa mashine moja, ilhali glaifosati, dawa ya kuua magugu inayoyeyuka sana kwenye maji, huhitaji njia yake ya pekee. Usipoitaja, huenda isipimwe kabisa. Uliza pia ada, kiasi cha udongo kinachotakiwa na siku ya mapokezi.

Ukishajibiwa, chukua sampuli, na hapa ninasihi usiharakishe, maana hakuna mashine inayoweza kurekebisha sampuli mbovu. Pita shambani kwa mwendo wa kukata kona, ukichimba sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20 kwa chepe safi. Changanya udongo wote kwenye ndoo ya chuma, toa mawe na mizizi, kisha jaza chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwani plastiki huweza kutoa kemikali zinazovuruga vipimo. Pale bomba la kupulizia linapooshewa, ambapo mara nyingi utaona majani yamekauka, chukua sampuli ya peke yake. Ukiichanganya na nyingine itaharibu picha ya shamba zima. Andika lebo, weka chupa kwenye boksi la barafu na uzifikishe siku hiyohiyo.

Mapokezi utajaza fomu, utapewa namba ya malipo, utalipa na kutunza risiti.

Majibu huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya udongo mkavu. Omba ripoti ionyeshe kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kugundua, kwa kuwa "haikugundulika" si sawa na sifuri. Ukiona DDE, kemikali inayobaki DDT inapovunjika, imeizidi DDT kwa mbali, kwa kawaida ni dalili kwamba dawa ilitumika zamani; DDT ikiwa ndiyo nyingi, mweleze afisa kilimo wa kata mapema, kabla hujapanda tena.