Kikaratasi cha utii mfukoni

Wapendwa, asubuhi ukimaliza kusoma Neno, usifunge Biblia hapo hapo. Chukua kikaratasi, andika jambo moja la kutii leo, na liwe na jina la mtu: kumrudishia mama wa ndizi pale Mbuyuni chenji aliyokuzidishia, au kumpigia ndugu mliyenuniana. Changu nakikunjia ndani ya nauli ya daladala. Nikimlipa konda, nakikuta. Anza na Luka 5, Petro amekesha bila samaki, bado anashusha nyavu kwa kuwa Yesu amesema. Moyo ukisita, tazama kaskazini: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imefunikwa na mawingu, na hakuna mtu wa Moshi anayedhani mlima umehama. Jioni kisome tena. Hukulifanya? Usikitupe, amka nacho kesho.