SOMO: Mashine za santuri au deki za CD? Kwa anayeanza u-DJ, ili nisiulizwe tena

Wakuu, salama?

Asubuhi hii nimefungua inboksi nimekuta watu wanne na swali lile lile: "Kaka, nataka kuanza u-DJ, ninunue mashine za santuri au deki za CD?" Wiki iliyopita walikuwa sita. Naandika hapa mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitamtupia linki bila salamu.

Na anayekwambia "DJ wa kweli anapiga santuri", muulize mara ya mwisho alinunua santuri lini, na alinunua wapi.

HATUA YA 1: Nyimbo zako zinatoka wapi?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yanafuata nyuma yake. Chukua karatasi, andika nyimbo ishirini ambazo ungepiga leo kwenye harusi ya dada yako. Halafu hesabu ngapi zinapatikana kwenye santuri. Bongo Fleva ilizaliwa kwenye kanda na CD ikahamia MP3, nyimbo zake nyingi hazijawahi kuchapwa kwenye santuri hata moja. Singeli ni hivyo hivyo, ukiacha chache zilizotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kama karatasi yako imejaa hizo, umeshajijibu: deki. Kama unapiga hip hop ya miaka ya 90, house, rege, rumba ya zamani, au mzee wako amekuachia sanduku la santuri, endelea kusoma.

HATUA YA 2: Utapigia wapi?

Sindano haijui kama kilichoitikisa ni muziki au ni miguu ya wacheza vanga. Jukwaa la mbao, shangazi thelathini wanaingia na zawadi, sindano inaruka na wimbo unaruka nao. Deki husoma CD kwa kutangulia na kuhifadhi kipande kwenye kumbukumbu, ndiyo maana inavumilia mtikisiko. Chumbani kwako au baa yenye kaunta ya zege, santuri inakaa vizuri. Kigodoro cha uswahilini, sahau.

HATUA YA 3: Ukichagua santuri

Nunua yenye mota inayozungusha sahani (ile inayobeba santuri) moja kwa moja, usinunue ya mkanda. Ya mkanda ukiishika sahani kwa kidole, ikiachiwa inajivuta kama gari la mafuta machafu, na kwa DJ hizo sekunde mbili ni aibu. Mashine ya namna hiyo, Technics SL-1200, ilitoka 1972. Toleo la MK2 la 1979 ndilo lililokuwa Biblia ya madisko duniani. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji 2010, kikarudi 2016, na MK7 ikatoka 2019. Ukipata MK2 ya mtumba iliyotunzwa, chukua. Swichi ya mwendo inapanda asilimia 8 na kushuka asilimia 8, basi. Wimbo wa biti 96 kwa dakika ukiusukuma hadi mwisho unafika 103.7, hauendi zaidi. Kwa hiyo mpangilio wa nyimbo unaufikiria kabla hujatoka nyumbani.

HATUA YA 4: Ukichagua deki

Nenda dukani na CD mbili: moja ya kununua, moja uliyoichoma mwenyewe. Lenzi iliyochoka itasoma ya kununua na kuikataa ya kuchoma. Muuzaji atakwambia CD yako mbovu. Ondoka.

Deki ya Pioneer CDJ-1000 ya 2001 ndiyo iliyofanya gurudumu la deki lishikike kama santuri, lakini toleo la kwanza halisomi MP3, toleo la MK3 ndilo linasoma. CDJ-2000 ya 2009 inapokea flashi. CDJ-3000 ya 2020 haina hata mlango wa CD, kwa hiyo msiniambie "deki za CD ndiyo za kisasa".

HATUA YA 5: UMEME. Soma hapa mara mbili.

Mimi nilipotoa pesa yangu ya kwanza ya maana nilinunua jozi ya mashine za santuri, mtumba kutoka Japani. Safi, hazina mkwaruzo, sponji za kufungia bado zilikuwa na vumbi la kontena. Plagi zake pini mbili bapa. Muuzaji akanipa adapta ya kuzibadili ziingie kwenye soketi yetu ya pini tatu, bure, na mimi nikamshukuru. Nikafika nyumbani, nikachomeka ya kwanza. Taa nyekundu ya pembeni iliwaka kali kuliko nilivyowahi kuona, sahani ikazunguka, mdogo wangu akapiga makofi. Kabla hajamaliza makofi ukaja mlio wa nyuki, halafu harufu ya waya unaoungua. Transfoma ya ndani ilikuwa imekwisha. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Nilichoshukuru kilikuwa kipande cha plastiki cha kubadili umbo la pini, volti zilipita zote. Ya pili ilipona kwa sababu moja tu: sikuwa na soketi ya pili.

Kwa hiyo:

Adapta ya plagi SI transfoma. Andika ukutani.

Soma kibandiko cha nyuma au cha chini kabla hujalipa. "100V" peke yake ni ya Japani, "120V" ni ya Marekani, "220-240V" ni ya kwetu, "100-240V" inakubali zote. Hii inahusu deki na mixa (kifaa cha kuchanganya sauti za mashine mbili) pia.

Baadhi ya Technics zina kiteuzi cha volti chini ya sahani. Inua sahani, tazama kimewekwa wapi. Usimwamini aliyekuuzia, inua mwenyewe.

Transfoma ya kushusha umeme, nyingi za madukani zinashusha hadi 110. Mashine ya Japani inataka 100. Itazunguka, ila unaipika polepole. Tafuta ya 100, wati 50 zinatosha kwa mashine moja.

Mashine za mkanda za zamani kutoka Marekani zina tatizo la pili. Baadhi mwendo wake unafuata hezi za umeme (mapigo yake kwa sekunde), kule 60, huku 50. Hata ukishusha volti sawasawa, mizunguko 33 kwa dakika inakuwa kama 28 na mwimbaji anaimba kama amelewa.

HATUA YA 6: Mixa iwe na matundu ya fono (yanayokuza sauti ndogo ya sindano) kwa santuri na ya laini (ya kawaida) kwa deki.

HATUA YA 7: Mashine mbili ziwe za aina moja.

HATUA YA 8: Hedifoni za kuziba masikio. Hapa usibane pesa.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

---

Chuma_Kibichi: Mkuu shukrani kwa somo. Kwa hiyo mimi ninunue ipi?

Mleta somo: Hatua ya 1.

Chuma_Kibichi: Nimesoma, ila kwa ushauri wako wewe binafsi?

Mleta somo: Karatasi yenye nyimbo ishirini iko wapi?

Mzee_wa_Ubuyu: Unatisha watu. Deki yangu ya Japani nimetumia hiyo adapta ya plastiki mwezi wa pili huu, haijaungua.

Mleta somo: Igeuze, soma kibandiko, kisha rudi hapa.

Mzee_wa_Ubuyu: Imeandikwa 100-240V.

Mleta somo: Basi umejijibu, na jibu liko Hatua ya 5. Sijatisha mtu. Nimeunguza yangu ili wewe usiunguze yako.

Binti_Chumbageni: Kaka habari. Mimi niko Tanga, najifunza kwa mashine za santuri za mjomba. Nikipandisha mwendo ili biti zilingane, sauti ya mwimbaji nayo inapanda, inakuwa kama ya mtoto. Nakosea wapi?

Mleta somo: Dada hukosei popote, na swali lako ni zuri. Kwenye santuri mwendo na sauti vimefungwa kamba moja. Ukizungusha haraka, mawimbi yanapita haraka, sauti inapanda. Ukiongeza karibu asilimia 6 umepandisha nusu tuni nzima, ndiyo maana wimbo uliojizoesha nao chumbani unaweza kugombana na unaofuata hata kama biti zimekaa. Deki nyingi zina kitufe kinachoitwa Master Tempo, kinabadili mwendo na kuacha sauti mahali pake. Kwenye santuri dawa ni kuchagua nyimbo zilizo karibu kimwendo, usivuke asilimia 3 au 4 kama kuna mwimbaji. Jaribu hili: chukua wimbo mmoja, nakala mbili kama mjomba anazo, upige moja sifuri na nyingine +6. Utausikia mgongano wenyewe, hautahitaji mtu akueleze tena.

Binti_Chumbageni: Asante sana. Nakala mbili anazo za rumba fulani, nitajaribu leo. Na deki ikinionyesha namba za biti, si inakuwa rahisi zaidi kujifunza?

Mleta somo: Inakuwa rahisi kufanya, ngumu kujifunza. Wanafunzi wangu nawabandikia plasta kwenye kioo mwezi wa kwanza. Wanalalamika, halafu siku namba inaposoma 64 kwenye wimbo wa 128 wao wanajua imekosea, wenzao hawajui.

Kamba_Mbili: Mbona kontrola ya laptop (ubao wa vitufe na magurudumu wa kuendeshea programu ya u-DJ) hujaizungumzia? Siku hizi vijana wote wanaanzia huko. Somo lako limepitwa na wakati.

Mleta somo: Kichwa cha somo kinasema santuri au deki. Ukitaka somo la kontrola liandike, nitakuja kukuuliza maswali ya ovyo.

Mleta somo: Sawa, nimetulia. Kweli kama bajeti ni ndogo na laptop unayo, kontrola ni mlango halali. Ila siku ukiitwa kwenye klabu ukute deki mbili na mixa mezani, ujue pa kushika.

Nyayo_za_Jogoo: Niko Nairobi. Nimeunganisha mashine ya santuri kwa redio yangu, tundu la AUX, sauti inatoka kidogo kama ya mbu, na besi hakuna. Mashine ni mbovu?

Mleta somo: Nzima kabisa. Sindano inatoa umeme mdogo mno, na wakati wa kuchapa santuri besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, kisha fono huirudisha. AUX haifanyi hiyo kazi. Tafuta kikuza sauti cha fono, kijisanduku kidogo, au mixa yenye fono. Na msifanye kinyume: deki ya CD kwenye tundu la fono inakoroma vibaya mno, unaweza kuua spika.

Nyayo_za_Jogoo: Poa sana. Sasa imepona ila kuna mvumo, mmmmm, hata bila muziki.

Mleta somo: Kuna kawaya chembamba kinatoka pamoja na kebo, mwisho wake una kama uma mdogo. Kifunge kwenye skrubu ya eathi nyuma ya mixa.

Nyayo_za_Jogoo: Imenyamaza! Nilidhani ni waya wa ziada nikauzungushia mpira. Kwa wenzangu wa huku, santuri ndogo za benga bado napata Kenyatta Market. Zina tundu kubwa katikati, kumbukeni kununua kile kiziba cha plastiki.

Fundi_Swichi: Nyongeza kwa wa deki. Msibandike karatasi za majina kwenye CD. Deki za kumeza zikipata joto gundi inalegea, karatasi inabaki ndani. Nimefungua deki tatu mwaka huu kutoa vibandiko vya harusi. Tumia kalamu ya wino wa CD, na choma kwa mwendo wa chini.

Mleta somo: Hili sikulitaja na nilipaswa. Na wa flashi, iwe FAT32, ikiwa NTFS deki nyingi zinakaa kimya kama hazikuoni.

Chuma_Kibichi: Wakuu bei ya CDJ Kariakoo ni ngapi?

Mleta somo: Nenda Kariakoo.

Mwana_Funguni: Kaka, samahani kama natoka nje ya mada. Bibi yangu Unguja ameacha santuri nzito nyeusi, zinavunjika kama sahani za udongo. Nyingine zimeota ukungu. Naweza kuzipiga kwenye Technics?

Mleta somo: Hujatoka nje ya mada hata kidogo, kaa hapa. Hizo zinaelekea kuwa za mizunguko 78, za shelaki. Taarabu ya kwanza kabisa ilirekodiwa hivyo: Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Technics MK2 ina 33 na 45 tu. MK7 ina 78, lakini hata huko usitumie sindano ya kawaida, mifereji ya 78 ni mipana zaidi na sindano hiyo inadondoka chini kabisa na kukwangua. Tafuta sindano iliyoandikwa 78. Soma lebo ya katikati kwa tochi, utuandikie yameandikwa nini. Usianze kuosha.

Fundi_Swichi: Na ukiosha usitumie spiriti. Spiriti inayeyusha shelaki. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na lebo ya karatasi isilowe.

Mwana_Funguni: Chupa ya spiriti nilikuwa nayo mkononi. Nimeirudisha kabatini. Natafuta tochi.