Mtaro umeziba, unaenda kwa meya au kwa mkurugenzi wa jiji?

Watu wengi wakiwa na kero wanamkimbilia meya, kumbe meya na madiwani kazi yao ni kupitisha sera, sheria ndogo na bajeti, ila anayehangaika kila siku gari la taka liwe na mafuta ni mkurugenzi wa jiji, yule wa kuteuliwa sio wa kupigiwa kura. Yeye ndo anaandaa rasimu ya bajeti, anasimamia wakuu wa idara, anasaini mikataba kwa kiwango alichoruhusiwa, halafu anarudi barazani kutoa ripoti.

Sasa ukitaka mtaro uzibuliwe anza na idara husika, andika barua fupi, taja mtaa na tarehe, weka na picha, omba namba ya kumbukumbu uitunze (hapa ndo wengi tunafeli). Kimya? Panda kwa mkurugenzi na ile namba mkononi. Akikwambia hakuna fungu usigombane naye, matumizi mapya hapitishi yeye, mfuate diwani wako kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa maana ikishapita ndo imetoka hiyo.