Jinsi ya kumpokea mchangiaji mpya kwenye mradi wa programu huria

Mara nyingi mchangiaji mpya hukimbia kwa mambo mawili: programu kugoma kuwaka kwenye mashine yake, au kazi aliyotuma kukaa bila jibu. Hatua hizi ni za mtunzaji wa mradi ulioko GitHub. Mfano ni wa Python, ila utaratibu ni uleule kwa lugha nyingine.

1. Sakinisha upya, kama mtu asiyeujua mradi

Kwenye folda tupu:

```
git clone https://github.com/jina/mradi.git
cd mradi
docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi -w /kazi python:3.12-slim bash
```

Amri ya mwisho hufungua kontena ya Docker, yaani mazingira matupu yaliyotengwa na mashine yako. Sasa fuata README (faili la maelekezo ya mradi) neno kwa neno, bila kuongeza amri uliyoizoea. Usifanyie jaribio hili kwenye folda yako ya kila siku. Humo kuna faili la `.env` lenye mipangilio na siri zako, ambalo `.gitignore` hulizuia lisipande GitHub, kwa hiyo kwako programu inawaka na kwa mgeni inagoma. Weka `.env.mfano` lenye thamani za kubuni. Toleo la slim halina kompaila ya C. Paketi inayoihitaji itakwama hapohapo, nawe utajua cha kuandika kwenye README.

Historia ya mradi ikiwa nzito, mwokolee mgeni bando kwa `git clone --depth 1`. Mwambie pia kwamba `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itamdanganya hadi aendeshe `git fetch --unshallow`.

2. Andaa kazi tatu hadi tano ndogo

Ukibandika lebo ya "good first issue", GitHub huorodhesha kazi hizo kwenye anwani ya mradi ikiongezwa `/contribute`. Lebo peke yake haisaidii. "Rekebisha tarehe" ni kumtupa mtu porini. Andika hivi:

> Fankisheni `soma_tarehe` kwenye `src/tarehe.py` inapokea 31/02/2024 bila kulalamika. Inatakiwa itoe `ValueError`. Fuata mtindo wa majaribio yaliyomo `tests/test_tarehe.py`, kisha endesha `pytest tests/test_tarehe.py`.

Taja jina la fankisheni, maana namba za mistari huhama kila mabadiliko yanapoingia. Hitilafu ya dharura usiipe lebo hii: mgeni ataichukua, utaishiwa subira, utaimaliza mwenyewe, naye hutamwona tena. Anayeomba kazi mkabidhi kwa siku 14, muulize mara moja, kisha iachie wengine.

3. Idhinisha majaribio

Kwa mpangilio wa kawaida, majaribio ya otomatiki ya anayechangia mara ya kwanza hayaanzi mpaka mtunzaji abonyeze idhini. Kinga hii ina sababu: mwaka 2021 kuna watu walituma mabadiliko ili wachimbe sarafu za kidijitali kwa kompyuta za GitHub. Lakini mgeni haoni kijani (yamefaulu) wala nyekundu (yamefeli), na anadhani kaharibu kitu. Soma alichobadilisha, hasa ndani ya `.github/workflows`, kisha bonyeza.

4. Jibu ndani ya siku mbili

Hata "nimeiona, nitaisoma Jumamosi" inatosha. Ukisoma, anza na kinachozuia kuunganisha. Nafasi na koma zingoje.

> Asante. Jaribio lako limeinasa 31/02. Limebaki moja: 29/02/2024 ni tarehe halali, lakini sasa inakataliwa. Iongeze kwenye jaribio.

Ukiona mistari 300 imebadilika wakati yeye kagusa miwili, usimlaumu kwanza. Endesha `git diff --ignore-space-at-eol main`. Ikibaki ile miwili tu, tatizo ni miisho ya mistari ya Windows, yaani alama zisizoonekana mwishoni mwa kila mstari. Weka `* text=auto` kwenye `.gitattributes`, kisha endesha `git add --renormalize .` katika komiti (kifurushi cha mabadiliko kilichohifadhiwa) ya peke yake. Ukiichanganya na kazi nyingine, hakuna atakayeweza kuikagua.

5. Unganisha bila kufuta jina lake

Kama umelazimika kuandika upya sehemu ya kazi yake, mwisho wa ujumbe wa komiti acha mstari mtupu, kisha:

```
Co-authored-by: Jina <barua@mfano.org>
```

Barua pepe iwe ile iliyounganishwa na akaunti yake, la sivyo komiti haitaonekana kwenye wasifu wake. Siku hiyohiyo mpendekezee kazi ya pili kwenye faili lilelile, kabla hajalisahau.